Hii Nayo ni Picha?

Wa kijiweni sogezeni benchi. Wa saluni zimeni kidogo hiyo mashine. Na wewe unayesoma kwa kuchungulia gazeti la mwenzako ndani ya daladala, leo nakuruhusu, chungulia tu, maana mada yenyewe ni ya macho.

Leo tunao vijana wanaosomea uchoraji. Jamani, hawa watu wanapata tabu! Ukisomea uhasibu, hakuna shangazi atakayekuuliza hesabu zako zinafanana na nini. Ukisomea sheria, unaitwa mheshimiwa kabla hata hujafaulu mwaka wa kwanza. Lakini jaribu kusema shughulini kwamba unasomea kuchora. Kwanza wataguna. Pili, mmoja atavuta kiti na kukuambia, "Hebu nichore basi." Ukimchora akafanana, umepona, una kipaji. Ukimfungulia daftari lako akakuta miduara, mistari na madoa ya rangi, ataligeuza juu chini, chini juu, kisha atakutwanga swali: "Hii nayo ni picha?"

Mimi swali hilo silidharau. Mtu akikuuliza hivyo hajakutukana, anaomba njia. Basi leo tumpe njia, na tumpe njia hata mwanafunzi mwenyewe, maana wapo wanaojaza kurasa mia moja na wao hawajui wanaelekea wapi.

BASHRAF HAINA MANENO

Picha za namna hiyo huitwa sanaa ya dhahania. Kwa lugha ya kijiweni, ni picha isiyojipa kazi ya kufanana na mtu, ng'ombe wala Mlima Kilimanjaro. Kazi yote inafanywa na mstari, umbo, rangi na namna vilivyopangwa. Usishtuke. Umewahi kwenda kwenye taarab ya Unguja, ile ya kiasili yenye fidla na ganuni? Kabla mwimbaji hajasimama, wapigaji hupiga bashraf, na bashraf haina neno hata moja. Sijawahi kuona mtu akiinuka ukumbini kudai aelezwe fidla imesema nini. Watu wanatulia, wengine wanatikisa kichwa, mambo yanakwenda. Kumbe sikio tumelizoesha, jicho ndilo tumelibania.

Mrusi mmoja, Wassily Kandinsky, alilijua hilo mapema. Alizaliwa Moscow mwaka 1866, akasomea sheria na uchumi, akafika mahali pa kupewa kazi ya kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1896, akiwa na miaka 30, akaikataa kazi hiyo na kwenda zake Munich, Ujerumani, kuanza kujifunza uchoraji. Fikiria angekuwa mtoto wa mtaani kwako! Ukoo mzima ungeitisha kikao, na mjomba angepandishwa basi kutoka mkoani kuja kumkanya. Yeye picha zake akazipa majina ya kimuziki, nyingine akaziita tungo, utadhani ni mtu wa bendi.

Sasa wewe unayesema eti hata mtoto wa chekechea anaweza kuchora vile, sikiliza hii. Mwaka 1913 Kandinsky alichora picha kubwa, mita mbili kwa mita tatu, iitwayo Composition VII, yaani Tungo ya Saba. Ukiitazama mara ya kwanza utadhani ndoo za rangi zimegongana njia panda. Aliimaliza kwa siku zisizozidi nne. Umeona? Lakini kabla ya siku hizo nne alikuwa amekwisha fanya majaribio zaidi ya 30, ya penseli, ya rangi za maji na ya rangi za mafuta. Siku nne unazoziona ukutani zimebebwa na siku nyingi usizoziona. Hizo usizoziona ndizo zinazokaa kwenye daftari la michoro.

Na kina dada msidhani haya ni mambo ya wanaume. Kule Uswidi mama mmoja, Hilma af Klint, alianza picha zake za dhahania mwaka 1906, wakati wakubwa wenye majina walikuwa bado wanahangaika na milima na farasi. Alipofariki mwaka 1944 aliacha kazi zaidi ya 1,200 na madaftari yenye kurasa zipatazo 26,000. Akaagiza picha hizo zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 tangu kifo chake. Mwanamke alikuwa anajua watu wa wakati wake watauliza lile swali letu! Maonyesho yake ya mwaka 2018 hadi 2019 katika jumba la Guggenheim, New York, yalipata watazamaji zaidi ya 600,000.

PILAU LA JIRANI

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mtaani kwetu kuna binti, yuko mwaka wa pili chuo cha sanaa. Jina nalihifadhi, asije akawa maarufu halafu akanidai. Baba yake ana duka la rejareja, lile la unga, sabuni, viberiti na sukari ya kupima. Ada ya binti inatoka kwenye hizo robo za sukari. Mzee hajawahi kumkataza mwanawe, lakini kila akipita sebuleni akamkuta anapaka miduara, anakohoa. Na si kikohozi cha mafua.

Muhula huu waliambiwa wajaze daftari la michoro kwa kufuata wasanii wa dhahania, kisha kutokana na daftari hilo watoe picha moja kubwa. Binti akajaza. Kurasa kumi za miduara ya Kandinsky, kurasa kumi za miraba ya Mondrian, safi, hakuna doa. Siku hizi picha zote ziko kwenye simu, ukitaka kunakili unanakili mpaka ukucha unauma. Mwalimu akafunua daftari, akalifunga, akamuuliza: "Hawa wote nimewaona. Wewe mwenyewe uko ukurasa wa ngapi?" Akampa wiki sita. Akishindwa, anarudia mwaka. Kurudia mwaka maana yake ada nyingine, na ada nyingine maana yake sukari nyingine.

Akanikuta kwenye benchi la dukani kwao, macho mekundu. "Anko, mimi nimefanya walichosema."

Nikamwambia, mwanangu, kunakili si dhambi. Tatizo ni kuishia hapo. Ukienda kujifunza pilau kwa jirani, unaondoka na namna ya kuunga, huondoki na sufuria yake.

Chukua huyo Piet Mondrian. Dunia nzima inamjua kwa mistari myeusi na miraba ya nyekundu, njano na buluu, mpaka imewekwa kwenye magauni na mikoba. Lakini mfuate nyuma alikotoka, unakuta mti. Kati ya 1908 na 1910 alichora mti unaoonekana kabisa ni mti, ila una rangi ya moto. Mwaka 1911 akachora mti wa kijivu, matawi yamekuwa mikunjo inayojaza ukurasa. Mwaka 1912 akachora mtofaa unaochanua, na hapo zimebaki pinde za mistari tu. Usipoambiwa ni mti hujui. Kila hatua kaondoa kitu. Kwa hiyo ukianza na miraba yake, umeanzia kituo cha mwisho cha safari ya mwenzio. Hujapanda gari, umeshukia tu.

Na raha ya huyu bwana haikuishia hapo. Mwaka 1940 alikimbilia New York kwa sababu ya vita. Akakuta mitaa iliyonyooka kama rula, akakuta na muziki wa boogie-woogie. Mistari myeusi akaitupa. Picha yake ya 1942 hadi 1943, Broadway Boogie Woogie, imejaa vimraba vya rangi vinavyorukarukia kila upande kama taa na magari. Yaani hata mzee wa miraba alikuwa anachora mtaa anaokaa. Sasa wewe wa uswahilini unachora mtaa wa nani?

YULE WA OMDURMAN

Kama Ulaya unaiona mbali, panda hapa juu Sudan. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930, baba yake akiwa mwalimu wa Kurani. Akaenda kusoma shule ya sanaa ya Slade, London, kuanzia 1954 hadi 1957. Akarudi Khartoum na picha zake, akafanya maonyesho. Watu wakaja siku ya ufunguzi, wakatazama, wakaondoka, hawakurudi. Lile swali letu walilijibu kwa miguu!

Hakuwatukana. Alizunguka nchi akitazama watu wa kwao wenyewe wanapamba nini: kuta za nyumba, mikeka, vyombo, na maandishi ya Kiarabu aliyoyajua tangu utotoni. Akaanza kuweka maandishi hayo kwenye kona za picha, madogo madogo. Kisha yakakua, yakavunjika, herufi zikageuka maumbo, maumbo yakageuka sura za watu. Hapo watu wa kwao wakaanza kusogea karibu.

Mwaka 1975, akiwa mkubwa katika mambo ya utamaduni serikalini, alitiwa jela ya Kober miezi sita bila kushitakiwa. Kuchora kulikuwa marufuku. Alikuwa anachora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani. Aliyofundishwa na vipande vile hakuyaacha: baadaye alijenga picha kubwa kwa kuunganisha kipande kimoja baada ya kingine. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake. Sasa wewe unayeniambia huwezi kuchora kwa sababu huna daftari la bei mbaya, hebu rudia, sijakusikia vizuri.

DUKANI KWA BABA

Binti akaondoka na hayo. Wiki ya kwanza akajaribu kanga, pindo, mji na jina. Zikatoka nzuri, lakini akasema mwenyewe, "Anko, kanga ni ya kila mtu." Wiki ya pili akaenda Mwenge kwa wachongaji, akakaa na vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa mawingu, vile vinavyopindapinda mpaka unashindwa kusema hapa kichwa hapa mguu. Huko akapata faida moja kubwa: akagundua kwamba dhahania si mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege. Ipo, ina nyundo na tezo, na inaongea Kimakonde.

Wiki ya tatu ndipo mambo yakajipa. Jioni moja mteja kaja kulipa, mzee akamwambia binti, "Niletee daftari." Ni lile kaunta buku la madeni, lile analoliogopa mtaa mzima. Binti analiona tangu yuko darasa la kwanza. Siku hiyo akaliona.

Mzee ana mtindo wake. Kila deni lina mstari wake, la robo kilo fupi, la mfuko mzima linavuka ukurasa. Aliyelipa anakatwa kwa wino mwekundu. Aliyelipa nusu anakatwa nusu. Aliyehama bila kuaga anazungushiwa duara. Miaka na miaka ya mtaa wetu imo humo, shida zetu, misiba yetu, harusi tulizojifanya tunazimudu.

Binti akaanza kazi. Ukurasa wa kwanza akauchora kama ulivyo, ila majina kayaficha, ana adabu zake. Wa pili akatoa maneno, akabakiza urefu wa mistari. Wa tatu akabakiza mikato myekundu peke yake. Wa nne akanenepesha mistari kufuatana na ukubwa wa deni. Kisha akabadili vifaa: mkaa wa jikoni, chai ya rangi, wino, karatasi za khaki za kufungia sukari. Kurasa ishirini na kitu, nyingine mbovu kabisa, na hizo mbovu hakuzichana. Pembeni ya kila moja kaandika kwa nini kaifanya na nini kimemshinda. Mwisho akagundisha khaki nyingi pamoja, akapata karatasi ndefu kuliko mlango, akaiweka picha yake humo. Mistari meusi na mikato myekundu, basi.

Jioni alipoitundika kwenye ukuta wa uani, mimi nilikuwepo na soda yangu. Mzee akatoka dukani kuja kuchukua maji. Nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Akasimama, akasogea, akarudi nyuma. Kisha akaonyesha kwa kidole sehemu moja iliyojaa nyeusi tupu.

"Hapa ni Januari," akasema. "Watu wamepeleka ada za watoto shuleni, dukani hakuna aliyelipa."

Picha haina jina, haina tarehe, haina namba. Mzee kaisoma kama gazeti. Akaendelea kuisoma, hapa Ramadhani, hapa mvua zile zilizoleta mafuriko, mpaka akafika chini kabisa, kwenye mstari mmoja mweusi, mnene, mrefu kuliko yote, ambao haujakatwa hata kidogo.

"Na huyu nani? Huyu mbona simo naye kwenye daftari?"

Binti akainama. "Ni ada yangu, baba."

Mzee alikaa kimya muda, mpaka mimi soda yangu nikaiona haishuki. Kisha akasema, "Hilo si deni, mama." Akachota maji yake, akafika mlangoni, akageuka. "Lakini usiutoe. Umekaa vizuri hapo."

Daftari limeshapelekwa kwa mwalimu. Mpaka gazeti linakwenda mitamboni matokeo bado, na mimi si mtabiri. Ninachojua ni kwamba swali la ukurasa wa ngapi sasa lina jibu.

KWA WEWE MWENYE DAFTARI JEUPE

Sasa mwanafunzi unayenisoma, na wewe usiye mwanafunzi lakini mkono unakuwasha, chukua haya, ni ya bure.

Moja, ukinakili msanii, nakili kipande kidogo na uandike pembeni umechukua nini kwake. Ni mdundo? Ni namna ya kupunguza? Ni rangi mbili zinazogombana? Usipoweza kuandika, bado hujachukua kitu, umemchafulia tu karatasi.

Mbili, tafuta kitu chako, na kiwe kitu unachokijua hata ukifumba macho. Nyavu za Feri zikianikwa. Foleni ya ndoo bombani. Nyaya za umeme juu ya uchochoro wenu. Paa la soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli, lile lenye miavuli ya zege. Kama hukijui, utakipamba. Kama unakijua, utakipunguza.

Tatu, kichore mara kumi, na kila mara toa kitu kimoja. Ukifika mahali ambapo ukitoa kingine kila kitu kinakufa, simama hapo. Hapo ndipo penyewe.

Nne, badilisha vifaa. Mkaa hausemi kama penseli, na chai ya rangi haikutii kama rangi ya dukani. Ajali nyingine zina akili kuliko wewe, zihifadhi.

Tano, usichane ukurasa mbaya. Mwalimu mwenye macho anautafuta huo huo, maana ndio unaoonyesha ulipokwama na ulivyojinasua. Daftari lisilo na kosa ni la kununua.

Na ninyi wazazi, mashangazi na wajomba wa kikao, mtoto akikufungulia daftari ukaona hujaelewa, usigune. Muulize ameanzia wapi. Kama ana njia, atakushika mkono akupitishe, na huenda mbele huko ukakutana na kitu chako mwenyewe ulichokizoea mpaka ukaacha kukiona. Kama hana njia, swali lako litamsaidia kuitafuta.

Haya, nafasi yangu imekwisha na mhariri ameanza kunikodolea. Wiki ijayo tutakuwa na wale mabwana wanaoazima suti za harusi na kusahau kuzirudisha. Mnajijua. Tukutane hapa hapa, na wewe wa daladala, mrudishie mwenzako gazeti lake.